Vigae vya Mama Mbelu

Mgomba ukishakatwa mkungu wake, watu wengi huufyeka na kuutupa uoze. Mama Mbelu wa Kolwezi, mji wa migodi katika jimbo la Katanga, Kongo, yeye aliukimbilia. Alilipasua shina vipande, akakipara kila kipande juu ya ubao kwa mgongo wa kisu hadi utomvu ukaisha na nyuzi ndefu zikabaki. Nyuzi hizo alizikatakata, akazichanganya na saruji na mchanga, akatengeneza vigae vya paa vyembamba, unene wa kidole tu. Saruji peke yake hupasuka, lakini nyuzi huishikilia isiachane. Mwanzoni wenye kazi za ofisini walimcheka. Migodi ilipodorora, mishahara ikakoma na bati likawa kitu cha kutamani kwa macho, hao hao wakaja kupiga hodi kwake.

Tusimpambe, alikuwa mchoyo wa siri ya kazi yake. Ukimwuliza mbona vigae vyake havivunjiki, alikujibu, "Ni mukono tu," akaendelea kupara.

Machi 1993 wakaja vijana wenyeji wenye marungu, wakawaamuru watu wenye asili ya Kasai, jimbo jirani, warudi kwao. Kwao wapi? Wazazi wa Mbelu walitoka Kasai, lakini yeye alizaliwa Kolwezi, mumewe alizikwa Kolwezi, na Kasai alikuwa akiisikia redioni tu. Walibeba godoro lake, cherehani, hata sufuria iliyokuwa na maharagwe motoni. Akajikuta stesheni, chini ya kipande cha turubai, kati ya maelfu waliokuwa wakingojea treni isiyojulikana siku yake. Sisi majirani tulitazama tu; hadi leo nikikumbuka naona aibu.

Wiki ya kwanza ilipokwisha akatokea jirani yake, Adolphine, mwenyeji wa kaskazini mwa Katanga, ambaye amri ile haikumgusa, mwenye shamba la migomba iliyompa Mbelu nyuzi. Nusu ya paa la Adolphine ilikuwa wazi, kwa sababu fujo zilianza kabla Mbelu hajamalizia vigae vyake. Kila usiku mvua iliwalowesha watoto kitandani. Alileta bukari, ugali wa kwetu, katika sahani na kigae alichojaribu kukitengeneza mwenyewe.

"Mama Mbelu, angalia. Leo siku ya tano, na inavunjika mu mikono kama biskuti."

"Nyuzi ulisukula na maji mara ngapi?"

"Mbili. Ilikuwa mweupe kabisa."

Mbelu akakigeuzageuza kile kigae. Siri ile ndiyo mali pekee ambayo hawakuweza kumnyang'anya. Kwa nini awaachie watu wa mji uliomtupa nje kama taka? Halafu matone ya kwanza yakaanza kupiga turubai, akawakumbuka watoto wa Adolphine, aliowabeba mgongoni mmoja baada ya mwingine.

"Mugomba iko na sukari," akasema. "Sukari haiache saruji ikamate. Sukula, anika, kisha uweke nyuzi mu njia ya sisimizi. Bakikuya kulamba, sukula tena. Siku batapita bila kusimama, njo hapo uchanganye."

Adolphine alikwenda akaosha. Aliosha mara saba, kwa maji ya kuteka mbali, akilaani sisimizi kila asubuhi.

Treni ilifika baada ya wiki mbili nyingine. Watu walikuwa wakisukumana kwenye mabehewa Adolphine alipopenya na kigae kichwani. Akakilaza juu ya mawe mawili mbele ya behewa la Mbelu, akavua kandambili, akapanda akasimama juu yake kwa uzito wake wote, naye hakuwa mwanamke mwembamba. Kigae hakikulia hata kidogo. Mbelu alilia yeye.

Mwanamume mmoja mwenye rungu, aliyewekwa pale kuhakikisha hakuna anayeshuka, akasogea akakitazama.

"Ee mama, hii kitu nani anatengenezaka? Kwetu kunavuja sana."

"Ni ule mama munafukuza," akajibu Adolphine kwa sauti ya kusikika behewa zima.

Yule bwana akatazama viatu vyake. Behewa likashtuka, magurudumu yakaanza kuzunguka. Mimi ningemtemea mate, wala nisingetubu. Mama Mbelu akajitokeza mlangoni nusu mwili, akamwita yeye, si Adolphine.

"Tata! Sukula mpaka sisimizi bakatae! Unasikia? Mpaka bakatae!"

Naye, rungu likiwa bado mkononi, akaitikia, "Ndiyo, mama."