Ana Watoto Mdomoni

Mume wangu alikuwa bwana samaki, na mimi nilikuwa mwoga. Hizo ndizo zilikuwa kazi zetu mbili katika nyumba ile ya serikali pale Kibaha, ingawa mshahara wangu nililipwa kwa kufundisha darasa la pili. Yeye alizunguka vijijini, Janga, Mlandizi, hata Kisarawe nilikozaliwa, akiwahimiza wanakijiji wachimbe mabwawa ya perege. Mimi nilibaki nyumbani nikiogopa kwa niaba ya familia nzima. Niliogopa nyoka, radi, bahasha zenye mhuri, na gari lolote lililopunguza mwendo mbele ya mlango wetu.

Kisha akaniletea kioo.

Wakati ule mabwawa ya vijiji yalikuwa yamemwaibisha. Perege walizaliana kabla hawajakua, wakajaa bwawani wadogo kama dagaa, na wanakijiji wakamuuliza kama ndio hao aliowaahidi. Akaapa kwamba atapata mbegu ya perege wakubwa. Alikwenda mwenyewe Mto Ruvu na wavuvi, akachagua walionona, akawaleta kwenye ndoo huku amewakumbatia ndani ya basi. Lakini bwawani huwezi kuona nani amezaa na nani. Ndiyo maana akajenga bwawa la kioo sebuleni, mahali nilipokuwa nimepapangia kochi. Vioo alivipata kwenye dirisha la duka lililofungwa, fremu ya chuma ikachomelewa Mlandizi, na mwalimu mmoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao akamwachia kijipampu cha umeme cha kupuliza hewa majini. Juu yake akafunga taa ndefu ya tyubu.

Dume lake lilikuwa refu kama mkono wa mtu mzima kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Likikasirika liligeuka jeusi, mapezi yakabaki na ukingo mwekundu. Lilichimba shimo mchangani kwa mdomo, likafagia humo kutwa nzima, na jike aliyesogea bila kualikwa alipigwa mpaka magamba yakadondoka. Hata mimi lilinichukia. Nikipita na ufagio lilinifuata, likagonga kioo puu! Maji yakatikisika, na moyo wangu pamoja nayo. Mume wangu alicheka akasema linanionea wivu. Sikuona cha kuchekesha, maana nilijua siku ile puti iliyoshikilia vioo ikiachia, mto mzima utaingia chumbani kwa wanangu.

Lakini jike mmoja ndiye aliyenishinda. Alitaga shimoni, kisha akageuka akayaokota mayai yote, akayafungia mdomoni. Perege ndivyo walivyo: watoto huanguliwa humohumo, hulelewa humohumo, na mama hali kitu mpaka wajiweze. Koo lake lilivimba kama la mtoto mwenye matubwitubwi.

"Sasa tukae kimya," mume wangu akaniambia. "Akishtuka anaweza kuwatema kabla ya wakati wao. Au awameze."

"Awameze wanawe mwenyewe?"

"Kwa woga tu, mama watoto."

Nilimpenda papo hapo. Miaka yote nimeishi na watu majasiri, na hatimaye nimempata mwoga mwenzangu. Tukamtenga upande mmoja kwa wavu wa dirisha, dume na majike wengine wakabaki upande wa pili. Nikatoa kitenge changu kimoja tukafunika upande wake wa kioo asione watu wakipita. Redio ikashushwa sauti. Watoto wetu wawili walifunzwa kutembea kwa ncha za vidole, na tulipogombana, mimi na baba yao, tuligombana kwa kunong'ona.

Mwaka wenyewe ulikuwa ule wa msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Aliyeuona haniulizi. Sabuni ilikuwa shida, sukari shida, na mwenye vitu hivyo alikuwa na shida kubwa kuliko asiye navyo. Unaamka asubuhi unakuta mabati yametupwa mtaroni, vitambaa vipya vichakani, na hakuna anayeinama kuokota. Risiti ya sufuria ilitunzwa kama cheti cha ndoa. Hata chumvi tuliipimia ndani, mlango umefungwa. Nilikasirika, na bado hasira haijaniisha, kwa jinsi tulivyogeuka kuogopana sisi wenyewe, watu tuliokuwa tunaazimana kinu.

Bara hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, na ilisemwa kwamba wapo watu wa pwani walioingiza seti kwa njia za panya, wakawa wanaiangalia ile ya Zanzibar kimyakimya. Mimi sikuwahi kuiona, wala haikuwahi kunijia akilini.

Jioni moja, bombani, mke wa balozi wetu wa nyumba kumi alinisogelea huku ndoo yake ikijaa.

"Mwalimu, siku hizi jioni mnafaidi."

"Tunafaidi nini, dada? Mambo ya mume wangu hayo."

"Wanaonekana vizuri?"

"Vizuri sana. Ukizima taa ya sebuleni ndiyo wanaonekana zaidi."

"Na wanacheza?"

"Wanacheza! Jana wamecheza mpaka watoto wakagoma kulala."

Wanawake wengine walikuwa wamesogeza ndoo zao karibu. Yeye akainama, akashusha sauti. "Na haikatikikatiki?"

Nikajibu kwamba umeme ukikatika ndiyo taabu inapoanza. Nikajitwika ndoo yangu, nikaondoka nikifurahi kwamba hatimaye kuna jirani anayejali samaki. Nilikuwa nimefika katikati ya njia lile neno liliponirudia. Samaki hawakatikikatiki. Alikuwa anaulizia televisheni. Nikainua macho nikaiona nyumba yetu kama walivyoiona wao: pazia limeshushwa, nyuma yake mwanga wa buluu, na ndani ya mwanga vivuli vikubwa vinapita, vinageuka, vinapita tena. Ndoo iliniponyoka. Nilisimama pale gauni limelowa, na sikuweza hata kuiokota.

Nilimsihi mume wangu avunje kila kitu usiku uleule. Nilimwambia tuwapeleke Kisarawe kwa mama yangu kwenye mapipa, tuwamwage mtoni, tuwale, lolote.

"Yule jike hasafirishiki," alininong'oneza. "Siku chache tu, atawaachia. Hao ndio mbegu yenyewe."

"Na wewe ukikamatwa?"

"Kwa samaki? Nikificha ndiyo nitakuwa nimekiri."

Nilimwambia ana akili za dume lake. Akaenda kuchungulia chini ya kitenge.

Walikuja siku ya pili, alasiri. Shule zilikuwa zimefungwa, na sote tulikuwa nyumbani. Alikuwepo balozi mwenyewe, mzee ambaye kila siku nilimwamkia shikamoo, na siku hiyo aliitikia marahaba huku ametazama sakafu. Nyuma yake walikuwa mgambo wawili wenye virungu, na mtu mmoja wa kutoka wilayani, shati limepigwa pasi vizuri kuliko nguo yoyote niliyoiona mwaka ule. Niliwavuta wanangu nyuma ya gauni langu.

"Hicho kilichofunikwa ni nini?" akauliza yule mtu.

"Samaki, ndugu," mume wangu akasema.

"Samaki wanafunikwa kitenge?"

"Upande huu kuna jike. Naomba msifunue kwa ghafla, ana watoto mdomoni."

"Nani ana watoto mdomoni?"

"Jike."

Mgambo mmoja akacheka. Yule mtu hakucheka. Aliutazama waya wa umeme uliopotelea chini ya kitenge, akasikiliza kijipampu kinavyonguruma, kisha akamwonyesha mgambo kwa kidevu. Mgambo akanyanyua kirungu, na nikaona wazi kwamba hatafunua, atapiga. Mume wangu akasimama mbele ya kioo na kunyoosha mikono. Nilijua kitakachofuata. Watampasua yeye kwanza, kisha kioo.

"Nitafunua mimi," nikasema.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilishika pindo la kitenge, nikaanza kukivuta taratibu, kama ninavyomfunulia mtoto mwenye homa.

Alikuwa amewaachia. Kumbe siku hiyohiyo, bila sisi kujua. Walikuwa wametanda mbele ya uso wake, wadogo kama punje za ufuta, mamia yao, kila mmoja na macho mawili. Mwanga ulipowafikia, jike akarudi nyuma na kufungua mdomo, na wote, wote kabisa, wakakimbilia humo. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Mdomo ukafungwa, koo likavimba, na ndani ya maji pakabaki samaki mmoja anayetutazama.

"Astaghfirullah," akasema balozi.

Mgambo akashusha kirungu polepole. Kwa muda mfupi sote tulikuwa watu tu waliosimama sebuleni, na nikadhani tumepona. Kisha yule mtu wa wilayani akainama, akakigusa kijipampu.

"Hiki kimetoka nje. Risiti iko wapi?"

Haikuwepo. Kitu umepewa zawadi, risiti utaitoa wapi? Wakakichomoa, wakasema ni kielelezo cha kesi, wakamchukua na mume wangu. Alipofika mlangoni aligeuka, nikasubiri neno la kuagana.

"Hewa," akasema. "Mama watoto, maji yatakosa hewa."

Nilimchukia kwa neno lile kwa dakika kadhaa. Baadaye nikaona ndiyo kazi pekee aliyoniachia, nami nikaishika kwa mikono miwili. Nilichota maji kwa kikombe nikayamwaga kutoka juu, nikachota tena, na watoto wakanisaidia mpaka wakachoka. Giza lilipoingia niliwasha ile tyubu, nikafungua pazia lote. Waangalie sasa, wafaidi. Watu wakapita, wakasimama, wakaja dirishani. Mke wa balozi akaingia ndani na kikombe chake mkononi.

"Mwalimu, mimi nilidhani…"

"Najua ulichodhani."

Nilitaka kummwagia yale maji usoni. Nilimwonyesha mahali pa kusimama, akaanza kumwaga.

Usiku ule sitausimulia wote. Dume na wenzake walipanda juu wakawa wanahema midomo wazi, na hao hawakunipa shida. Jike naye alipanda juu, lakini hakufungua mdomo. Pumzi alikuwa anaihitaji, na hakufungua. Nilimsemesha. Nilimwambia waachie, mjinga wewe, hakuna mtu hapa, ni mimi tu. Alikuwa bado anamwogopa yule mtu wa wilayani, na nilimwelewa kwa sababu hata mimi nilikuwa bado namwogopa. Kulipopambazuka mdomo ulifunguka wenyewe. Watoto walitoka kama moshi, naye akalala ubavu.

Nilimtoa. Nililia kuliko nilivyolia mume wangu alipotolewa, na watoto wangu wakaniona.

Wale wadogo wakabaki wanahangaika. Nilipoingiza mkono kutoa takataka, walikimbia, kisha wakarudi. Walikuwa wanatafuta mahali penye giza. Nilikunja kiganja kidogo, kama mtu anayetaka kunywa maji, wakaingia wote, wakatulia humo. Nikiutoa mkono wanatawanyika na kugonga kioo. Nikiurudisha wanaingia. Basi nikaweka kigoda, nikaketi, mkono mmoja majini, mwingine unamwaga kikombe. Mwili mzima ulikuwa unatetemeka isipokuwa kiganja kile. Nje kila gari lilipopunguza mwendo nilisema ndio wanakuja kuniambia amefungwa.

Alasiri mlango ulisukumwa kwa nguvu, ukagonga ukuta. Alikuwa yeye. Hana mkanda, hana pampu, uso umemvimba upande mmoja. Kutwa nzima nilikuwa nimemwomba Mungu mlango ule ufunguke. Watoto wa samaki walishtuka, wakajisukuma ndani kabisa ya kiganja changu, nikawasikia wanavyonisisimua ngozi.

"Funga mlango polepole," nikamwambia. "Wanaogopa."

Alinitazama, akautazama mkono wangu. Akafunga mlango polepole. Kisha akaketi palepale sakafuni, akafunika mdomo kwa mikono yote miwili asije akawashtua, akalia.