Buazza na Ukimya wa Kwao

Kwa miaka ishirini na mitatu akina mama wa mtaa wa juu, mjini Sefrou, walimpelekea Buazza tanurini mikate yao aioke, na wengi hawakuwahi kumsikia akisema maneno kumi kwa mpigo. Ukimwuliza hali, alijibu, "Namshukuru Mungu," akageukia moto. Ndivyo alivyokuwa baba yake, na kaka yake Driss.

Driss alianza kwa kuacha kwenda sokoni. Kisha akaacha kula na wenzake. Mwezi wa tatu wa hali hiyo akatoka peku alfajiri, wakamkuta kisimani bondeni, amekufa. Nyumbani hakuna aliyeuliza kitu kabla, wala baada.

Masika ambayo Buazza alifiwa na mkewe, Itto, alikitambua kitu kilekile kikimwingia taratibu, kama baridi ipitayo chini ya mlango. Usingizi ukakatika. Chakula kikawa mchanga mdomoni. Mikate ikaungua huku akiitazama. Akina mama, mmoja mmoja, wakahamia tanuri la mtaa wa pili. Hakuna aliyemgombeza, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Asubuhi moja alijikuta peku mbele ya tanuri, viatu mkononi, hakumbuki alivivua saa ngapi.

Ndipo akaingia Lalla Khadduj, mjane mwenye mdomo, na ubao wa mikate kichwani.

"Wewe! Jana umenilisha makaa, na meno yenyewe nimebakiwa na manne. Hujambo lakini?"

Buazza hakutoa jibu lake la siku zote. "Sijambo wapi, Lalla. Siku ya tano silali. Naona nakwenda alikokwenda Driss."

Mama yule akashusha ubao. Hakumwambia avumilie. "Oka. Mimi nakaa hapa hapa. Tukimaliza, twende kwa daktari."

Tangu hapo, pamoja na dawa, akawa anamfunza kila asubuhi.

"Ukiulizwa hali, sema kweli. Halafu na wewe uliza. Swali moja haliui mtu."

"Niulize nini?"

"Uliza goti langu, basi!"

Akauliza goti. Kesho yake akamwuliza jirani habari za mwanawe aliye ng'ambo, na jirani akasimama nusu saa akieleza. Wateja wakaanza kurudi, ingawa si wote.

Kipupwe kilichofuata kitu kile kilirudi, kizito kuliko mwanzo. Siku tatu tanuri halikuwashwa. Siku ya nne mlango wa nyumba yake ukagongwa: wanawake saba na mbao zao za mikate, Lalla Khadduj mbele, wakimwita kwa jina.

Buazza alikaa kitandani akiwasikiliza, muda mrefu mno, hadi nje wakaanza kunong'onezana.

"Nipo," akasema hatimaye. "Hali mbaya, lakini nipo. Ingieni."