Majuma Matatu Bila Barua

Mke wangu alipokwenda Dodoma kuongeza masomo ya ukunga, mimi nilibaki Tunduma nikifundisha hisabati. Watoto wetu wawili walikuwa shule za bweni. Ilikuwa safari ya miaka miwili. Kabla hajaondoka aliniwekea kompyuta sebuleni, akanifungulia anwani ya barua pepe na kunionyesha pa kubonyeza. Yeye ndiye aliyeyajua mambo hayo. Mimi kazi yangu ilikuwa chaki.

Tulikubaliana kwamba simu itakuwa ya mambo ya haraka: mtoto anaumwa, mbolea imefika, nyumba imevuja. Mambo yenye uzito tungeandikiana. Chumba chake cha hosteli walilala wanne, na mke wangu si mtu wa kusema ya moyoni huku wengine wanasikiliza. Ujumbe mfupi wa simu hakuupenda kabisa. Alisema ni wa kumwambia mtu umefika salama, basi. Lakini Jumapili mchana, maktaba ikiwa tupu, aliandika barua ndefu. Alianza kwa Kiswahili, habari za wodi na za chakula chao, na akifika mahali pagumu aligeukia Kinyiha, lugha ya kwetu. Nikikiona Kinyiha nilisogeza kiti karibu na meza.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, kompyuta iliniuliza kama nataka mfumo mpya. Nikakubali bila kufikiri. Kiduara kilizunguka kwenye skrini tangu nilipomaliza uji hadi saa tisa mchana.

Ilipowaka tena ilikuwa imegeuka nyingine. Nikiiwasha asubuhi niliweza kuoga, kuvaa na kufunga tai kabla haijawa tayari. Nikiandika, herufi zilisubiri kwanza, kisha zikatokea moja moja. Dirisha la barua lilifunguka jeupe, likakaa jeupe muda mrefu, halafu likaleta barua zilezile za zamani. Chini kabisa palikuwa na mstari mdogo uliosema inapakia. Nami niliuamini. Nilidhani ni uzito tu, ningoje.

Jumapili ya kwanza hakuna barua. Nikasema ana mitihani. Jumapili ya pili nikamwandikia mimi, nikabonyeza tuma, barua ikaondoka mbele ya macho yangu. Hakujibu. Nikaanza kusoma barua zake za mwaka jana, hata ile ya kuniagiza nipeleke magodoro juani. Meza ya kupigia pasi ilikuwa imeegemea ukuta pale alipoiacha. Alikuwa na tabia ya kupiga mluzi akinyoosha sare zake, mluzi usio na wimbo, na miaka yote nilikuwa nikimwomba anyamaze. Sasa nilipika ugali wangu katika nyumba iliyokuwa kimya, na sauti pekee ilikuwa ya malori barabarani yakisogea kidogo kidogo kuelekea mpakani.

Katikati ya juma akapiga simu. Nilikuwa nimeshika karatasi za mtihani za kidato cha pili.

"Mwalimu, uliisoma barua yangu?"

Barua ya mwisho niliyoisoma, kabla ya ule mfumo mpya, ilihusu nywele. Maji hosteli yalitoka mara mbili kwa juma, akataka kunyoa, ila alijua napenda akisuka. Sikuwa nimemjibu.

"Nimeisoma," nikasema.

"Sasa unaonaje?"

"Fanya unavyoona wewe, mama. Mimi sina neno."

"Kweli huna neno?"

"Kweli. Hilo ni lako mwenyewe."

"Haya," akasema. Kisha akauliza kama kahawa ya mama yake kule Ihanda imeanza kuiva, nikamwambia imeanza, tukaagana. Nakumbuka nilirudi kwenye karatasi zangu nikiwa na furaha ya kusikia sauti yake, wala sikujiuliza kwa nini mtu aulize mara mbili habari za nywele.

Jumapili ya tatu ilipopita bila barua nikaibeba kompyuta hadi kwa fundi. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na nilimkuta akielewana kwa Kibemba na mteja kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, juu ya simu iliyolowa maji. Alipomaliza akaiwasha yangu, akaitazama ikihangaika.

"Hii tuifute yote tuanze upya," akasema. "Itakuwa nyepesi."

"Barua za mke wangu zimo humo."

Akanitazama juu ya miwani. "Amefariki?"

"Hapana. Yuko Dodoma."

"Basi twende taratibu," akasema, akanivutia kigoda.

Alinionyesha kosa moja moja, kwa subira, nami nikaandika kwenye daftari. Mfumo wa zamani ulikuwa bado umelala kwenye diski, umejaza nafasi yote, tukauondoa. Programu mbili za kuzuia virusi zilikuwa zikichunguzana zenyewe kwa zenyewe, tukabakisha moja. Programu kumi na kitu zilikuwa zikijiwasha kila asubuhi bila kuitwa, tukazizima. Alipoiwasha tena ilikuja haraka, nikajikuta nacheka.

Kisha akafungua barua. Nyuma ya lile dirisha jeupe palikuwa na kidirisha kingine kidogo, kilichojificha muda wote ule, kikiomba neno la siri. Akasema baada ya mfumo mpya kompyuta ilikuwa imelisahau. Hakuna barua iliyoingia wala kutoka tangu siku ile. Ile yangu ilikuwa imekaa kwenye kikasha cha kutuma.

Neno la siri sikulijua. Aliliweka mke wangu mwenyewe. Nikampigia palepale dukani.

"Ni jina la kile kijito cha nyuma ya kwetu Ihanda," akasema, "herufi ya kwanza kubwa, na mwaka tuliooana. Kwani hukuwa unalijua?"

"Ulikuwa hujaniambia."

"Naingia wodini, mwalimu. Tutaongea jioni."

Nikaandika jina la kijito kwa kidole kimoja. Barua zikaanza kushuka. Zake zilikuwa tatu, katikati ya matangazo. Fundi akainuka akaenda kumhudumia mtu mwingine, nami nikasoma ile ya kwanza.

Chuo kilitaka abaki mwaka mmoja zaidi, awasaidie kufundisha wakunga wapya. Walitaka jibu ndani ya siku kumi. Aliandika kwa Kinyiha tangu mstari wa kwanza. Alisema nikimwambia arudi atarudi, na hatanikumbusha jambo hili maisha yake yote. Alisema anachokiogopa ni kwamba nimeshazoea kuishi peke yangu. Ya pili aliniomba nijibu. Ya tatu, iliyoandikwa baada ya ile simu, ilikuwa fupi: ameshasaini, na ananishukuru kwa kumpa ruhusa.

Jioni alipopiga nilimweleza yote, mpaka habari za nywele. Nikasikia mwenzake chumbani akifunga kabati.

"Kwa hiyo hukuwa umesoma," akasema.

"Sikuwa nimesoma."

"Ungesoma ungeniambia nini?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa neno moja, na nilikuwa nimelibeba tangu dukani hadi nyumbani.

"Ungependa kubaki?" nikamuuliza badala yake.

"Wasichana hawa wananisikiliza," akasema polepole. "Sikujua naweza kufundisha." Kisha akashusha sauti. "Naweza kwenda kesho kuwaambia nimebadili nia. Niambie tu."

"Kaa," nikasema. "Lakini sijazoea. Hilo nilitaka ulijue."

Alipojibu alikuwa amegeukia Kinyiha, wenzake wote wakiwemo chumbani.

Sasa barua zinafika kila Jumapili na kompyuta inawaka kabla sijamaliza kukaa. Juma lililopita nilikwenda Ihanda kuchuma kahawa na mama mkwe wangu. Aliniuliza binti yake anarudi lini, nikasema mwakani, mavuno yakiisha. Akanyoosha mgongo, akakitazama kikapu changu, akaniambia nina haraka, nachuma na mbichi.