Mbwa Asiyesumbua Abiria

Jumamosi asubuhi nilikuwa ofisi ya basi hapa Kisumu, nikingoja la Nairobi, mzee mmoja wa mtaa wa Kaloleni alipofika kaunta na mbwa mkubwa kama ndama. Alikuwa anahamia Nakuru kwa binti yake. Tangu mkewe afariki, alituambia, nyumbani walikuwa wamebaki yeye na mbwa tu.

"Mzee, huyo hawezi panda," karani alisema macho yakiwa kwenye simu. "Atasumbua abiria."

"Nikatie tiketi yake. Akae kwa kiti."

"Tiketi ni ya watu, Baba."

"Basi na mimi siendi," mzee akasema, akaketi sakafuni, mkono shingoni mwa mbwa.

Dereva alirudi kutoka kunywa chai, akawatazama wote wawili. "Mzee, leta yeye. Atalala hapa nyuma yangu."

Tukaondoka. Hadi Ahero, bwana mmoja alituhubiria kwa sauti ya kuamsha wafu. Hadi Kericho, mama mmoja aligombana na mumewe kwa simu, spika ikiwa wazi, tukajua hata jina la yule mwanamke wa Maseno. Kufika Londiani, abiria wawili walikuwa wameshikana mashati kwa sababu ya dirisha, mmoja akitaka lifunguliwe, mwingine lifungwe.

Mbwa alilala.

Nakuru, binti alikuwa stendi. Alimkumbatia babake, halafu mbwa, akilia. Wakaondoka polepole, watatu.

Sisi tukaendelea hadi Nairobi, abiria wenye tiketi peke yetu, bila mnyama wa kutusumbua.