Maua ya Miiba Upande wa Bahari

Harufu ya mchanga wenye chumvi, jua likiupiga saa saba mchana, hunirudisha Msimbati, kwenye ua wetu uliopakana na bahari. Sijui nanyi hukumbushwa nini na harufu. Mimi hukumbuka maua ya mama.

Yalikuwa maua ya miiba, yale mekundu madogo yenye utomvu mweupe. Mama aliyapanda mstari mzima upande wa bahari, palipokuwa na jua kutwa, maana hayapendi kivuli wala maji mengi. Yalichanua kiangazi na masika. Mbuzi wa jirani waliyajaribu mara moja tu. Baba alitania kwamba ameoa mlinzi, si mke.

Mwaka mmoja, shina la mwishoni likanyauka. Likafuata lililokuwa kando yake. Nilipolivuta, mzizi ulikuwa umeoza, unateleza kama dagaa waliovunda, na shimo likajaa maji taratibu, ilhali mvua haikuwa imenyesha. Mama alichovya kidole, akaonja, akatema.

"Baba Zuhura, bahari iko chini yetu," alimwambia baba jioni.

"Bahari ilikuwepo kabla yetu, mama Zuhura. Babu yangu kazikwa hapa."

"Dalili ya mvua ni mawingu."

Baba akacheka. Majirani nao walicheka walipomwona mama akiyang'oa maua yaliyosalia na kuyatia kwenye viroba. Hakubishana na mtu. Asubuhi alinichukua mimi na mdogo wangu Salumu, tukaenda Nanyamba kwa mjomba, kwenye mikorosho. Nililia njia nzima, nilidhani wameachana.

Maji makuu ya bamvua ya mwezi ule yalipanda mchana kweupe. Yalipita ua, yakaingia jikoni, na yaliporudi, ukuta wa chumba cha watoto ulikuwa umelala juu ya kitanda chetu. Baba alitufikia kesho yake, miguu mitupu, suruali imekauka kwa chumvi. Aliketi barazani, akaomba maji ya kunywa. Mama akampa.

Miaka yote niliamini mama aligundua siku ile nilipovuta shina. Nilipokuwa na watoto wangu ndipo nilipomwuliza.

"Nilikuwa nauonja mchanga ule kila asubuhi tangu Ramadhani," alisema, "nyie mmelala."

Kumbe akishaonja alikuwa akinawa, anabandika uji, anakuja kutuamsha kwa kuimba. Nami nilidhani anaimba kwa sababu ana furaha.