Dubu Hamchemshii Mtu Chai

Kabla ya Ramadhani nilimwendea madam tupatane. Mimi hupatana hata bei iliyobandikwa kwenye nyanya. Mwezi ule jumba lote ninamofanya kazi za ndani, mtaa wa Al-Malqa, hugeuza usiku kuwa mchana, nami nilitaka kujua nitalala lini.

"Utalala nyumba ikilala," akasema, macho kwenye simu.

Nikauliza tena, akarudia vilevile. Nikaondoka nikijiona mshindi.

Kumbe nimeuziwa mbuzi kwenye gunia! Madam alilala baada ya alfajiri. Asubuhi akaamka mama mkwe wake, ambaye hafungi kwa sababu ya sukari, akitaka chai. Akirudi kitandani, watoto wa madam wameamka. Wakisinzia, madam yuko jikoni akinihimiza: yalla, sambusa! Nyumba ilikuwa ikilala kweli, ila kwa zamu, na zamu yangu haikuwepo.

Shoga yangu aliyeko Jeddah alinicheka kwenye simu. "Mjanja mzima, unanunua usingizi bila kutaja saa? Mimi nilidai adhuhuri hadi alasiri, na mlango nafunga!"

Siku moja nikasinzia wima, sambusa mkononi. Sebuleni runinga ilionyesha dubu amejikunja pangoni, theluji nje. Madam akaniona.

"Wallahi tumeajiri dubu! Mvivu kama yule, analala msimu mzima."

Damu ikanichemka. Kipindi kile kilikuwa cha marudio; nilikisikiliza jana yake nikipiga pasi.

"Madam, dubu si mvivu. Wakati wa baridi matunda yamekwisha, hakuna cha kula. Akizunguka kutafuta, atapoteza nguvu nyingi kuliko atakazopata. Kwa hiyo hula kwanza hadi anenepe, halafu hulala, moyo ukipiga polepole, akiishi kwa mafuta yake. Hiyo ni hesabu. Humu chakula hakiishi, ndiyo maana silali!"

Mama mkwe alicheka hadi akakohoa. "Mpe saa zake, atatuangukia kwenye karai la mafuta."

"Saa moja," madam akasema.

"Adhuhuri hadi alasiri. Na mlango nafunga."

"Kufunga mlango mafi, hakuna."

"Basi chai ya hajja, mkweo, utachemsha wewe."

Akanipa saa zangu, akaninyima mlango.

Kesho yake adhuhuri nikajilaza. Mto haujapata joto, kichwa cha madam kikachungulia.

"Usiamke, usiamke. Niambie tu, bizari iko wapi?"

"Kabati la juu, kulia."

Kisha nikainuka, nikafunga mlango kwa ufunguo. Akasimama nje akiniita. Nikajikunja kama dubu pangoni.