Kitanda Nilichomchagulia Mama Mkwe

Msinihukumu kabla sijamaliza. Nimepita miaka arobaini, na mingi kati ya hiyo nimeimaliza kwenye meli za ziwa letu. Basi juma lililopita, nilipompeleka Goma mama wa mchumba wangu akawaone wazee wangu, nilijigamba. Alikuwa bado hajakubali kumwoza bintiye kwa mtembezi kama mimi.

"Mama, chakula kikae juu mu valizi, blanketi nitakutandikia," nilimwambia pale bandarini Bukavu. "Kabini ya muzuri iko ile ya mbali na makelele ya motere. Na mwenye kufika wa kwanza ndiye anachagula. Mungoje hapa na dada yako, miye natangulia."

Nilipata kabini safi yenye kitanda kimoja. Nikatandika, nikasukuma valizi, sanduku lake la safari, chini ya kitanda, kisha nikataka kujua kama kitanda kinalia. Kwetu mkwe hakalii hata kiti cha mama mkwe, sembuse kitanda, lakini nilijiambia nitainuka kabla hajapanda. Abakosti yangu mpya haipendi mikunjo, kwa hiyo niliivua, koti na suruali, nikaitundika msumarini.

Kitanda kilikuwa kimya kabisa. Aliyepiga kelele ni mimi, kwa kukoroma.

Nilipofumbua macho, mama mkwe alikuwa mlangoni na dada yake, nami nimevaa chupi na blanketi lake la maua. Dada mtu alijifunika uso kwa kitenge. Mama alinitazama taratibu.

"Papa," akasema, "unaoa mutoto yangu, ao unaoa miye?"